Ukinzani linganifu wa saketi ya opampu: jibu likikataa, anzia hapa

Kila muhula, wiki ya maabara ya opampu (kikuza volteji chenye maingizo mawili, plasi na minasi, na tokeo moja) ikifika, meza yangu hujaa madaftari yenye kilio kilekile cha ukinzani linganifu, yaani rezista moja inayoweza kusimama badala ya saketi nzima ukiitazama kutoka nukta mbili. Mmoja kapata ukinzani usio na kikomo, mwenzake kapata 110 kΩ, wa tatu kapata namba hasi akaifuta kwa aibu. Ukitazama michoro yao, saketi ni ileile. Nimeyapanga matatizo hapa kwa dalili, yanayojirudia zaidi yakitangulia. Mifano mingi ni ya 741, aisi (kipande cha silikoni chenye saketi nzima ndani) iliyotoka mwaka 1968 na ambayo bado imejaa kwenye visanduku vya maabara, pamoja na LM358 na TL072.

Kabla ya dalili yoyote

Jiulize: ukinzani wa wapi? Saketi moja ya opampu ina ukinzani wa upande wa kuingilia, ukinzani wa upande wa kutokea, na mwingine kwa kila jozi ya nukta utakayoichagua. Nusu ya mabishano ninayoamua yanaishia hapo: wawili wamepiga hesabu sahihi, kila mtu kwa mlango wake.

Ukishajua mlango, njia ni moja. Weka chanzo cha majaribio Vt kwenye nukta hizo mbili, tafuta mkondo It unaotoka kwenye chanzo hicho kuingia kwenye saketi, kisha gawanya: R = Vt / It. Kwa opampu kamilifu unahitaji kanuni mbili. Pini ya plasi na pini ya minasi hazipokei mkondo. Na mrejesho hasi (tokeo likirudishwa kwenye pini ya minasi) ukiwa unafanya kazi, pini hizo mbili zina volteji sawa.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau. Pini ya tokeo inaweza kutoa au kumeza mkondo wowote inaotakiwa, na mkondo huo hupita kwenye pini za umeme ambazo mchoro haukuzionyesha. Kwa hiyo usiandike mlinganyo wa mikondo kwenye nodi ya tokeo. Ukiuandika utakuwa umeongeza kitu kimoja usichokijua, na hesabu haitafunga hata ukeshe.

Dalili ya 1: "Nimepata kisicho na kikomo, majibu yanasema 10 kΩ"

Hii ni saketi ya kugeuza, ambayo volteji ya tokeo huwa kinyume na ya ingizo. R1 ya 10 kΩ inatoka kwenye chanzo hadi pini ya minasi, Rf ya 100 kΩ inatoka pini ya minasi hadi tokeo, pini ya plasi iko graundi.

Sababu inayoongoza ni kanuni ya kwanza kusomwa haraka haraka. Opampu haipokei mkondo, kwa hiyo mkondo ni sifuri, kwa hiyo ukinzani hauna kikomo. Kinachosahaulika ni kwamba mkondo hauna haja ya kuingia kwenye pini. Unafika mlangoni pa pini, unakata kona na kuingia Rf. Weka volti 1: pini ya minasi iko kwenye volti 0 kwa kuwa inafuata plasi, hivyo ndani ya R1 mnapita 0.1 mA. Mkondo huohuo unapita Rf na kushusha volti 10, tokeo linakaa volti −10, na pini ya tokeo inaumeza. Volti 1 kwa 0.1 mA ni 10 kΩ. Ukinzani wa kuingilia ni R1 peke yake.

Anayefuata kwa wingi ni mwenye 110 kΩ. Huyu kajumlisha R1 na Rf kana kwamba ncha ya mbali ya Rf iko graundi. Haiko graundi. Opampu inaivuta chini kadiri wewe unavyoisukuma juu, na kuvuta huko ndiko kunakoifanya pini ya minasi ionekane kama graundi. Ikumbuke hii 110 kΩ, tutakutana nayo tena.

Wachache huja na R1 sambamba na Rf, 9.1 kΩ. Mara nyingi wameiona namba hiyo mahali pengine, kwenye rezista inayowekwa pini ya plasi ili kusawazisha mikondo midogo ya pini, wakadhani ndiyo ukinzani wa kuingilia. Ni swali jingine kabisa.

Mwalimu akisema opampu si kamilifu na ukuzaji wake wazi, yaani bila mrejesho, ni A, basi Rin = R1 + Rf/(1+A). Kwa A ya 200,000, nyongeza ni nusu omu. Kwa umeme tuli achana nayo, rezista yako ya asilimia 5 inakosea mara elfu moja zaidi ya hapo.

Dalili ya 2: "Nimeweka omita, inanipa namba za ajabu"

Nimeiweka mapema kwa sababu hupoteza saa nzima ya maabara. Multimita iliyowekwa kwenye kipimo cha omu haipimi ukinzani linganifu wa saketi ya opampu. Umeme ukiwa umezimwa, hakuna opampu: kilichobaki ni rezista zako na vipande vya silikoni vinavyopitisha umeme upande mmoja na kukataa mwingine. Ukigeuza waya za multimita na namba ikabadilika, ujue unapima matumbo ya aisi. Umeme ukiwa umewashwa ni vibaya zaidi, maana volteji ya saketi inachanganyika na mkondo wa multimita, na kipimo kinaweza kuharibika.

Pima hivi. Chukua rezista unayoijua, Rs, yenye thamani iliyo karibu na ile unayoitegemea. Iweke mfululizo kati ya jenereta ya mawimbi na ingizo. Tuma wimbi dogo, tuseme volti 0.2 kwa 1 kHz. Soma volteji V1 kabla ya Rs na V2 baada yake, kisha:

Rin = Rs × V2 / (V1 − V2)

V2 ikiwa nusu ya V1, Rin ni sawa na Rs na huhitaji hata kikokotoo. Multimita za bei rahisi hazisemi kweli kwenye masafa ya juu, hivyo tumia osiloskopu, au shuka hadi 100 Hz.

Namba zikiendelea kuyumba, angalia mambo madogo kwanza: pini za umeme zina volti? Kwa 741 ni pini 7 na 4. Kwa LM358 ni 8 na 4. Graundi ya jenereta imeungana na graundi ya ugavi wa umeme? Waya wa bredibodi umekaa sawasawa? Kisha weka kapasita ya 0.1 µF karibu na kila pini ya umeme, kwa sababu saketi inayotetema chinichini hutoa vipimo visivyotulia na hutaona kitu kwenye multimita.

Aisi ikiwa ya moto kiasi cha kuunguza kidole, zima papo hapo. Usiendelee kupima ili "umalizie jedwali". Ama umeigeuza kichwa chini, ama tokeo limepiga shoti.

Dalili ya 3: "Nimezima vyanzo kutafuta ukinzani wa Thévenin, nikabaki na fujo"

Hapa ndipo mitihani inapovuna. Ukinzani wa Thévenin (Rth) ni ule unaoonekana ukiitazama saketi kutoka kwenye tokeo, vyanzo huru vikiwa vimezimwa. Kanuni inasema zima vyanzo huru: chanzo cha volteji kiwe waya, chanzo cha mkondo kikatwe. Mwanafunzi anazima vyote, na opampu pia anaifuta kwenye mchoro, halafu anaanza kupanga R1 na Rf mfululizo na sambamba. Opampu si chanzo huru. Ni chanzo tegemezi, kinachofuata tofauti ya pini zake mbili, na chanzo tegemezi hakizimwi. Iache iendelee kufanya kazi, weka chanzo cha majaribio kwenye tokeo, utaona tokeo halisogei hata ulisukume namna gani. Ukinzani ni sifuri.

Mtego unaopendwa na watunzi wa mitihani ni rezista ya 1 kΩ iliyowekwa baada ya opampu, kuelekea mzigo. Swali la kujiuliza ni moja: mrejesho umechukuliwa wapi? Rf ikitoka moja kwa moja kwenye pini ya tokeo, kabla ya ile 1 kΩ, basi Rth ni 1 kΩ. Rf ikitoka ng'ambo ya ile 1 kΩ, upande wa mzigo, opampu inaiona rezista hiyo kuwa sehemu ya tumbo lake na kuifidia. Rth inarudi sifuri. Michoro miwili inafanana kama mapacha, waya mmoja tu umehama sentimita moja, na alama tano zinakwenda nao.

Kwenye benchi kuna kosa la aina nyingine: kutafuta Rth kwa kugawanya volteji ya wazi kwa mkondo wa shoti. Tokeo la volti 5, piga shoti, multimita inaonyesha takriban 25 mA, gawanya, umepata 200 Ω. Namba inapendeza lakini ni uongo. Hiyo 25 mA ni kinga ya ndani ya 741 inayozuia mkondo usizidi, haihusiani na ukinzani wa saketi ikiwa kazini. Na si kila aisi ina kinga ya namna hiyo. Kwenye saketi usiyoijua, usipige shoti kamwe.

Badala yake soma volteji bila mzigo, halafu na mzigo wa 1 kΩ. Ukiona volti 5.00 mara zote mbili kwenye multimita inayohesabu kwa hatua za 10 mV, hujafeli. Umethibitisha kwamba ukinzani uko chini ya karibu 2 Ω, kwa sababu mkondo ulikuwa 5 mA na kushuka kulikuwa chini ya 10 mV. Iandike hivyohivyo kwenye ripoti. 741 uchi ina takriban 75 Ω, na mrejesho unazigawanya kwa (1 + Aβ), ambapo β ni sehemu ya tokeo inayorudishwa kwenye minasi.

Dalili ya 4: "Saketi haigeuzi, nilitegemea mega-omu, nimepima 100 kΩ"

Tazama pini ya plasi. Karibu kila mara kuna rezista ya 100 kΩ kutoka hapo hadi graundi, na yenyewe iko sambamba na ingizo. Jibu ni 100 kΩ, saketi iko sawa, haina ugonjwa.

Usikimbilie kuitoa. Iko pale ili mkondo mdogo wa pini upate njia, hasa kama chanzo kimeunganishwa kupitia kapasita. Bila hiyo, tokeo hutambaa taratibu hadi kugonga dari, yaani kikomo kinachowekwa na volteji ya ugavi. Ukitaka ukinzani mkubwa, badilisha aisi kwanza. 741 huvuta kama 80 nA, na ukiweka 10 MΩ hiyo ni volti 0.8 za kosa. TL072 kwa kawaida huvuta 65 pA, na kosa kwenye 10 MΩ hiyohiyo halifiki hata milivolti moja.

Kama hakuna rezista hapo, mtuhumiwa wa pili ni chombo chako. Osiloskopu yenye probu ya ×1 ni 1 MΩ, ya ×10 ni 10 MΩ, multimita nyingi za kidijitali ni 10 MΩ. Ile ya mshale yenye 20 kΩ kwa volti, kwenye kipimo cha volti 10 ni 200 kΩ tu. Ukiitumia hiyo unajipima mwenyewe. Baada ya hapo ndipo uwaze uchafu wa bodi na jasho la vidole.

Dalili ya 5: "Ukinzani unabadilika nikiongeza wimbi"

Rudi kwenye 110 kΩ yetu. Saketi ya kugeuza ya ukuzaji wa 10 ikipewa volti 2 inatakiwa kutoa volti 20, na kwa ugavi wa ±15 haiwezi. Tokeo limegonga dari karibu na volti 13 au 14, haliwezi tena kuvuta, na graundi bandia inakufa. Kuanzia hapo kila nyongeza ya volteji inaona R1 na Rf mfululizo hadi kwenye tokeo lililoganda: 110 kΩ. Aliyepata 110 kΩ kwenye karatasi alikuwa amekosea, aliyeipata kwenye benchi kapima ukweli wa saketi iliyozidiwa.

Sababu nyingine, ya kawaida zaidi kuliko watu wanavyokiri, ni betri moja ya volti 9. Pini ya plasi imefungwa kwenye minasi ya betri, halafu tokeo linatakiwa lishuke chini ya sifuri. Litashukia wapi? Tengeneza nusu ya volteji kwa rezista mbili zilizo sawa, ipe pini ya plasi, na upime kila kitu kuanzia hapo.

Ikiwa hata kwa wimbi dogo tokeo liko dari, angalia kama umebadilisha pini 2 na 3. Mrejesho ukiingia kwenye plasi, saketi inakuwa swichi inayoruka juu na chini, na kanuni ya pini kuwa na volteji sawa haipo tena. Kwenye karatasi hesabu itatoka vizuri tu, maana algebra haijui mrejesho hasi na chanya. Ndiyo maana alama za plasi na minasi kwenye mchoro hukaguliwa kabla ya mlinganyo wa kwanza.

Kama kinachoubadilisha ukinzani ni masafa na si ukubwa, hapo A inashuka. Kwa 741 zao la kuzidisha ukuzaji kwa masafa ni kama 1 MHz, hivyo kwa 10 kHz A ni 100 tu, na kwa 100 kHz ni 10. Ile Rf/(1+A) tuliyoidharau sasa ina uzito, na kwa kuwa A inachelewa kwa robo ya mzunguko, nyongeza hiyo inafanya kama koili. Kwa 10 kHz jumla yake ni 10.06 kΩ, huioni. Kwa 100 kHz inafika karibu 15 kΩ. Ukipima huko, tokeo lisizidi kilele cha volti 0.8, kwani 741 inapanda volti 0.5 tu kwa mikrosekunde, na wimbi likishakuwa pembetatu vipimo vyako havina maana.

Dalili ya 6: "Jibu limetoka hasi"

Usilifute. Chunguza kwanza mwelekeo wa It: lazima uwe unatoka kwenye plasi ya chanzo cha majaribio kuingia kwenye saketi. Kama mwelekeo ni sahihi, tazama mchoro. Kuna rezista R kutoka tokeo hadi pini ya plasi, R1 kutoka tokeo hadi minasi, R2 kutoka minasi hadi graundi, na mlango wako ni pini ya plasi? Basi umekutana na kigeuza ukinzani hasi. Tokeo ni Vt(1 + R1/R2), liko juu kuliko Vt, na mkondo unarudi kwenye chanzo. Rin = −R × R2 / R1. Zote zikiwa 10 kΩ, jibu ni −10 kΩ, na ni sahihi kabisa.

Kwenye benchi saketi hii ina masharti. Ukinzani wa chanzo unachokiunganisha uwe mdogo kuliko ukubwa wa ule hasi, la sivyo mrejesho chanya unaushinda ule hasi na tokeo linaganda dari. Jenereta ya 50 Ω haina shida. Ukiacha mlango wazi, inaganda.

Hesabu ya sambamba nayo inashangaza. 10 kΩ sambamba na −10 kΩ inakupa kugawanya kwa sifuri, yaani ukinzani usio na kikomo. Hapa ndipo chanzo cha mkondo cha Howland (saketi inayotoa mkondo usiobadilika hata mzigo ukibadilika) kilipozaliwa. Lakini rezista halisi hazilingani. Ile hasi ikiwa −10.2 kΩ, jumla ni 510 kΩ. Ikiwa −9.8 kΩ, jumla ni −490 kΩ. Asilimia mbili tu zimekuvusha upande wa pili wa kisicho na kikomo. Mwanafunzi aliyetumia rezista za asilimia 5 hapa asishangae mwenzake kupata alama ya plasi au minasi tofauti na yake.

Dalili ya 7: "Kikuza tofauti kina ukinzani tofauti kwa kila ingizo"

Ni kweli, kikuza hiki, kinachokuza tofauti ya volteji kati ya maingizo mawili, kinao. Kwa 10 kΩ na 100 kΩ kila upande, ingizo la plasi linaona 110 kΩ siku zote. Ingizo la minasi linategemea mwenzake: plasi ikiwa graundi ni 10 kΩ; maingizo yote mawili yakiwa na volteji ileile ni 110 kΩ; yakiwa kinyume ni kama 5.2 kΩ. Kati ya ingizo na ingizo ni 20 kΩ. Swali likikupa mchoro huu bila kusema ingizo la pili linafanywa nini, andika dhana yako juu ya jibu.

Wapi uache na umwite fundi

Yote haya ni ya bredibodi yenye ugavi wa maabara au betri. Opampu hiyohiyo ukiikuta ndani ya chaja, ugavi wa umeme au kikuza sauti kinachochomekwa ukutani, "graundi" yake inaweza kuwa imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukibana klipu ya graundi ya osiloskopu hapo, umepiga shoti kupitia mwili wa osiloskopu. Kapasita kubwa ya upande huo hukaa na takriban volti 325 kwa umeme wa 230, na hubaki nazo hata plagi ikishatolewa. Kama huna transfoma ya kutenganisha na hujafundishwa kuitumia, funika kifaa, mpe aliyesomea.

Vifaa vya hospitali vinavyogusa mwili wa mgonjwa usivifungue hata kama unaijua saketi kwa moyo. Rezista ya kuingilia uliyoibadilisha ili "upate ukinzani mkubwa" inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa ikizuia mkondo usimfikie mgonjwa.

Na kwa aliye maabara: ukibadilisha aisi mara mbili na ya tatu nayo ikapata moto, acha kuweka ya nne. Mwite msimamizi akague ugavi wa umeme. Niliwahi kumaliza sanduku zima la 741 asubuhi moja, kumbe waya wa −15 ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la plasi tangu jana yake.